Sura ya Tisa: Sampuli Katika Mfuko wa Unga

Chuma kilichomuua Mzee Gikonyo kilikuwa juu ya mapaja ya Wahome, ndani ya mfuko wa unga wa kilo mbili, na kilikuwa kikinuka mafuta ya breki tangu walipotoka Nyeri mjini.

"Hiyo kitu itanichafulia kiti," Mwai alisema bila kuondoa macho barabarani.

"Kiti yako ilichafuka ile siku ulibeba beberu ya mahari."

"Ile beberu ilikuwa na adabu kukushinda."

Wakacheka. Kilikuwa kicheko cha wazee wa rika moja, waliotahiriwa mwaka mmoja, wakaoa mwaka mmoja, na wiki mbili zilizopita wakamzika mwenzao wa tatu bila kujua nani atafuata. Mwai aliendesha kwa mikono miwili, kofia yake ya sufu imeshuka hadi kwenye nyusi. Peugeot 404 yake ya rangi ya maziwa ilikuwa inameta kama jino la dhahabu, isipokuwa kioo cha kutazamia nyuma cha upande wa kushoto, kilichofungwa kwa waya wa shaba tangu ng'ombe mmoja wa Mweiga alipokipiga pembe. Kwenye boneti ulikuwa bado umening'inia utepe wa zambarau wa harusi ya Gathoni, mjukuu wake.

Wahome alikuwa mkaguzi wa magari katika polisi kwa miaka thelathini. Watu wa Nyeri husimulia kwamba siku moja, akiwa kwa kinyozi na kichwa kimenyolewa nusu, alisikia lori likipita, akatoka mbio na shuka shingoni, akamwambia dereva kwamba beringi ya gurudumu la nyuma haitafika Karatina. Haikufika. Wanaosimulia huongeza kwamba ile nusu nyingine ya kichwa haijanyolewa hadi leo, lakini huo ni uongo mtupu. Wahome ana upara. Tangu astaafu, alichunguza ajali za yeyote aliyemwomba, na safari hii aliyemwomba alikuwa Nyawira, mjane wa Gikonyo.

Kesi yenyewe, hadi asubuhi hiyo ya Ijumaa, ilikuwa imenyooka kama rula. Gikonyo naye alikuwa na 404, ya kijani, pacha wa hii ya Mwai. Mwezi wa pili alinunua masta silinda mpya huko Nanyuki. Hiyo ni ile pampu iliyo mbele ya pedali ya breki, inayosukuma mafuta hadi magurudumu yote manne, na kwa gari la zamani kama lile hakuna njia ya pili: ikikataa yenyewe, yote yamekataa. Fundi Ben wa Chaka akaifunga. Mwezi wa tatu, kwenye mteremko wa kushukia daraja la Chania, pedali ilizama hadi sakafuni na Gikonyo akaenda na gari lake hadi kwenye mawe ya mto. Wahome alipoyafungua mabaki alikuta masta silinda kuukuu, kutu hadi shingoni. Mpya haikuwepo. Kisha boksi la ile mpya likapatikana tupu kwenye gereji ya Ben.

Fundi aliuza kitu kipya cha mteja, akamrudishia kichakavu. Wizi wa kawaida, ila huu uliua. Wahome aliandika ripoti, polisi wakamkamata Ben, na Jumatatu angefikishwa mahakamani kwa maneno ya Wahome na si ya mtu mwingine.

Lakini asubuhi hiyo Tabby, mke wa Ben, alikuwa amesimama langoni kwa Wahome kabla mzee hajanywa chai. Hakulia wala hakutukana. Alisema tu, "Mzee, umemuuliza fundi, umemuuliza mjane. Mwenye aliuza hiyo kitu umemuuliza?"

Hakuwa amemuuliza. Miaka thelathini ya ukaguzi, na hakuwa amemuuliza.

"Mimi naona unajisumbua," Mwai alisema walipopita Kiganjo. "Si mimi ndiye nilikuonyesha boksi iko wapi? Kesi imeisha."

"Kesi inaisha ikipigwa muhuri."

"Haya. Ndio maana nimekuleta. Singekuacha upande pikipiki na hiyo nyonga yako."

Wahome alifungua daftari lake. Mambo yote ya gari la marehemu yalikuwa humo kwa mpangilio: siku kiliponunuliwa kipuri, siku kilipofungwa, siku Gikonyo alipokwenda kwa binti yake Kerugoya kutibiwa macho. Chini yake alikuwa ameandika: *Wiki mbili gari lilikaa kwa Mwai. Salama.* Akageuza ukurasa.

Karibu na Chaka mwanamke mwenye kondoo sita aliingia barabarani bila kuangalia popote. Mwai alikanyaga. Gari likasimama kama lililogonga ukuta, na mfuko wa unga ukaruka hadi kwenye dashibodi.

"Ngai!" Wahome aliokota sampuli yake. "Hizi breki zimeshika kama kupe. Si mwezi wa kumi na mbili ulikuwa ukipiga hiyo pedali kama mtu anakanyaga udongo wa nyumba?"

"Nilinunua raba mpya," Mwai alisema, akasubiri kondoo wa mwisho apite.

Gereji ya Ben ilikuwa mabati manne, shimo moja na mti wa mgrevilea. Mwai alibaki garini, injini ikinguruma. Tabby alikuwa amefika kabla yao na alikuwa akifagia mahali pasipohitaji kufagiwa.

"Boksi iko wapi?" Wahome aliuliza.

"Pale pale ulipoiacha. Hatukuificha juzi, hatuifichi leo."

Lilikuwa mezani, mbele kabisa, limejaa nati zilizopangwa kwa saizi. Wahome alizigeuza kwa kidole.

"Guka, babu yangu, nikuulize," Tabby alisema. "Mtu akiiba kuku, manyoya anaweka kwa meza ya kulia?"

"Kuna wezi wajinga, mama."

"Na kuna wakaguzi." Akaegemeza ufagio. "Mzee Gikonyo ndiye alimwachia hiyo boksi, akamwambia aweke nati. Na ngoja, kuna kitu Ben alisema hiyo siku. Alisema, 'Ati hii ni mpya, na imekatwakatwa na tupa kwa ukingo?' Alifikiri duka limemuuzia mzee kitu imetumika. Mzee akacheka tu, akamwambia afunge."

Wahome aliinua kichwa. "Hayo hakuniambia."

"Ulimuuliza, ama ulimwandika?"

Alirudi garini na fikra mpya. Chuma kipya chenye mikato ya tupa. Basi labda kosa halikuwa la fundi hata kidogo. Labda duka la Nanyuki lilichukua kichakavu, likakipiga brashi, likakitia ndani ya boksi jipya. Ameona hayo mara mia. Kuna duka moja, aliwahi kusema, lililouza plagi kuukuu zikiwa zimepakwa wanja.

"Amesema nini?" Mwai aliuliza.

"Ati duka ndilo lilidanganya."

Walifika karibu na Naro Moru, ambako Mlima ulikuwa umejifunika wingu mpaka kiunoni. Kisha Mwai akasema, kwa sauti nyepesi kabisa, "Inawezekana. Wafanyabiashara ni wafanyabiashara."

Nanyuki, Mwai aliegesha mbali na maduka ya vipuri, nyuma ya hoteli moja ya chai.

"Duka iko kule juu," Wahome alisema.

"Goti langu. Nenda, mimi ninywe chai. Uchukue wakati wako."

Duka la Sahro lilikuwa jembamba na refu kama handaki, kuta zote ni rafu, na mwenyewe alikaa mwishoni nyuma ya kaunta, mtandio wa kahawia mabegani, kipimo cha vania, cha kupimia unene wa vyuma, kikining'inia shingoni mahali wanawake wengine huvaa mkufu. Wahome alikitua chuma mezani bila salamu ndefu.

"Nataka kama hii."

Sahro hakukigusa. Alikiangalia tu. "Ya 404. Ya zamani, paipu moja. Hakuna, mzee. Iko ile ya 504, fundi anaweza kutoboa mashimo upya ikae, lakini mimi siuzi hivyo. Iko hii ya kuigiza. Shika uone." Alimpa. "Nyepesi, sivyo? Ukimtakia mtu mabaya, mnunulie hii."

"Ile ya kweli?"

"Ya kweli nilikuwa na moja tu. Ilikaa kwa hiyo rafu kutoka wakati wa baba yangu, ndani ya karatasi ya grisi. Nimeuza mwezi wa pili."

"Uliuza mpya, ama uliuza kitu imepigwa brashi?"

Macho ya Sahro yaliinuka polepole. "Wewe ni nani?"

Wahome alimwambia. Alimwambia pia kwamba mnunuzi amekufa, na kwamba kipuri alichokiuza yeye kilikuwa na mikato ya tupa.

Sahro alishika kifua. "Inna lillahi. Yule mzee wa miwani mizito?" Akaingiza mkono chini ya kaunta, akatoa tupa ndogo yenye mpini wa mbao, akaiweka mbele yake. "Mikato ni yake mwenyewe. Alikata hapa, mbele yangu, na hii."

"Alikata kitu mpya?"

"Mzee, alichagua saa mbili, wallahi. Nilimwekea tatu hapa. Alipima, akanusa, akasukuma pistoni na kidole, akafunga macho kusikia kama inakwaruza. Alichagua ile ya kweli. Halafu akaniomba tupa. Nikamwambia ukikata sirudishi. Akasema hairudi. Akasema mafundi siku hizi wanabadilishia watu vitu, kwa hivyo anaweka alama ya mbuzi wa baba yake. Hapa kwa ukingo, mahali nati inakaza. Mbili mbele, moja nyuma."

Mbili mbele, moja nyuma. Wahome hakuhitaji kuandika. Aliwahi kuchunga mbuzi hao pamoja na Gikonyo, wakati wote wawili hawajaota meno ya mbele mara ya pili, na zizi zima lilikuwa limekatwa masikio hivyo. Aliupindua mfuko wa unga, akakitoa tena kile chuma, akapitisha kidole kwenye ukingo wake wote. Laini.

"Fungua hii," alisema. "Uniambie raba ni za nini."

Sahro alitoa pini, akasukuma pistoni nje, akaivua raba kwa ukucha na kuipima kwa vania. Akaipima tena. Uso ukambadilika.

"Silinda ni kuukuu, raba ni mpya. Na si ya hii. Ni ndogo. Angalia." Aliirudisha ndani, ikacheza. "Ukikanyaga kidogo inashika. Ukikanyaga na kushikilia, kama kwa mteremko, mafuta inapita kando, na pedali inazama polepole, kama mtu anakaa kwa kochi."

"Raba kama hizi unauza?"

"Nauza. Na hizi niliuza mimi." Sauti yake ilishuka. "Wiki moja ama mbili baada ya yule mzee, mwingine alikuja. Alitaka masta ya 404 pia. Nikamwambia ya mwisho imeenda, imechukuliwa na mzee wa Nyeri mwenye miwani. Alikasirika sana. Alisema ana harusi. Akataka raba basi, nikamwambia hizi ni ndogo, zitakusaliti. Akasema atazitia tu kwa muda."

"Anafanana vipi?"

"Mzee kama wewe. Kofia ya sufu. Gari aliegesha hapo mlangoni, rangi ya maziwa, safi sana. Nilicheka tu hiyo kioo ya upande. Gari safi vile, na kioo imefungwa na waya wa shaba."

Wahome alikunja mdomo wa mfuko mara moja, mara mbili, mara tatu, mpaka karatasi ikakataa kukunjika.

"Mama," alisema, "yote haya utayaandika na kutia sahihi?"

"Nitaandika. Mzee, unaumwa? Nikuletee maji?"

"Andika tu."

Aliandika. Wahome alisoma mara mbili, akaikunja karatasi, akaitia mfuko wa ndani wa koti. Njiani kurudi hotelini hakujibu salamu ya mtu yeyote, na Wahome alikuwa mtu wa kusalimia hata sanamu za nguo madukani.

Mwai alikuwa amemaliza chai na mandazi mawili. "Umepata mwizi?"

"Fungua boneti."

"Ya nini?"

"Fungua, wakini."

Neno hilo la kumwita mwenzako wa tohara moja, ambalo watu wa rika hawaitani ovyo, lilimfanya Mwai asimame. Alitoka nje, akavuta kishikio, akainua boneti na kuishikilia kwa mkono wake mwenyewe, kana kwamba angeweza bado kuishusha. Utepe wa zambarau ukapepea kati yao.

Masta silinda ilikuwa mahali pake, kushoto, nyuma kabisa. Ilikuwa imepakwa rangi nyeusi, nzito, ya brashi. Hakuna fundi duniani anayepaka rangi masta silinda. Wahome hakuinama kuangalia. Alinyoosha kidole tu, akatafuta ukingo penye nati, akapitisha polepole.

Miwili mbele. Mmoja nyuma.

Alikiacha kidole pale muda mrefu. Kisha akatoa simu, akapiga picha tatu, akafunika boneti taratibu, kama mtu anayefunika jeneza.

"Alikuachia gari kwa sababu kwake hakuna lango," alisema. "Alikwenda kutibiwa macho, akakuachia gari."

Mwai alivua kofia. "Nilimwahidi Gathoni. Tangu akiwa hivi, nilimwambia nitakupeleka kanisani na 404. Na breki zangu zilikuwa zimekufa. Nchi nzima hakuna nyingine, Wahome! Nikachukua yake, nikamfungia yangu na zile raba. Nilitaka siku moja tu. Harusi ilikuwa Jumamosi. Ningeirudisha Jumatatu. Macho yakapona haraka, akaja Jumapili kuchukua gari, nami na wageni wamejaa nyumbani."

"Ungemwambia."

"Mbele ya wakwe? Ati nimemwibia rafiki yangu breki?"

"Alikufa Jumatano. Jumatatu ulikuwa na simu. Jumanne ulikuwa na simu."

"Nilijua anaendesha tu kanisani na kurudi. Kwake ni tambarare. Zile raba zinashika kwa tambarare!"

"Na Ben?"

Mwai alianza kuvuta uzi wa kofia.

"Nakuuliza Ben. Ulinishika mkono ukanipeleka hadi kwenye boksi. Ulinijia nyumbani kwangu, ukanywa uji wangu, ukanionyesha mtu wa kufunga. Watoto wake wawili. Na mimi nikaandika. Sahihi iliyo pale ni yangu, Mwai, si yako."

Mhudumu wa hoteli alitoka na bili, akaziona nyuso zao, akarudi ndani.

"Ungeifuta hiyo alama," Wahome alisema mwishowe. "Ulikuwa na tupa. Ulikuwa na wiki tano. Bila hiyo alama nisingekuwa na chochote ila maneno ya mwanamke wa duka."

"Niliishika tupa mara tatu." Sauti ya Mwai ilikuwa imekwisha. "Alama ya mbuzi wa watu, unajua vile walituambia. Mwenye kuifuta hazalishi tena. Mkono ulikataa. Nikapaka rangi."

"Kumwibia, mkono haukukataa."

"Haukukataa."

"Kumwacha Ben seli, haukukataa."

Kofia ya sufu ilizunguka vidoleni mwa Mwai. "Utaniuza?"

Wahome alizunguka gari, akafungua mlango wa abiria, akaketi, akaweka mfuko wa unga juu ya mapaja kama asubuhi. Alitoa daftari na kalamu. Alitafuta ukurasa ule, akakata neno moja, *Salama*, kwa mstari mmoja mnyoofu, na kando yake akaandika tarehe.

"Endesha," alisema. "Makao ya polisi, Nyeri."

"Huogopi kukaa nami?"

"Nakaa na breki za Gikonyo."

Mwai akaendesha. Naro Moru ilipita. Pale Chaka, Tabby alikuwa bado amesimama chini ya mgrevilea na ufagio wake. Wahome alishusha kioo, akamwonyesha ile karatasi ya Sahro. Gari halikusimama, lakini katika kioo chenye waya wa shaba alimwona mwanamke akiangusha ufagio na kukimbia kutafuta mtu wa pikipiki.

Njia ya kuingilia kituoni huteremka, si sana, lakini inateremka, na mwisho wake kuna kizuizi cha chuma chenye rangi nyekundu na nyeupe. Mwai aliliachia gari lishuke lenyewe. Lilishika kasi. Askari wa zamu aliinua mkono, kisha akaurudisha na kupiga hatua nyuma. Wahome hakusema "kanyaga". Alitazama mbele, mikono yote miwili juu ya mfuko.

Mwai alikanyaga.

Gari lilisimama palepale, bila kuyumba, bila kulia, bumpa ikiwa upana wa kiganja kutoka kwenye kizuizi, kama alivyotaka Gikonyo alipokichagua kile chuma.